Mtu wa Umoja na Vita vya Biafra

Tarehe 23 Desemba 1943, katika misioni ya Nyegina karibu na Musoma, kijana mmoja Mzanaki wa miaka 21 alibatizwa, akaitwa Julius. Alikuwa mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama. Wasomaji wetu wayajua maisha yake: ualimu wa Tabora na Pugu, kuundwa kwa TANU mwaka 1954, uhuru wa 1961, Muungano wa 1964, mpaka kufa kwake tarehe 14 Oktoba 1999. Leo yafaa tukumbuke tendo lake moja ambalo hata rafiki zake walibishana juu yake.

Mwaka 1966, huko kaskazini ya Nigeria, maelfu ya Waibo waliuawa, na wengine wengi mno wakakimbilia kwao mashariki. Mei 1967 Jimbo la Mashariki lilijitenga chini ya Ojukwu, likaitwa Biafra; Julai vita vikaanza. Oktoba mwaka huohuo askari wa serikali waliwaua mamia ya wanaume wa mji wa Asaba, waliokuwa wametoka kuwalaki. Kisha Biafra ikazingirwa, njaa ikaingia, nayo haikubagua askari na mtoto mchanga.

Tarehe 13 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 46, Mwalimu aliitambua Biafra kuwa nchi. Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani. Katika Afrika ni Gabon, Ivory Coast na Zambia tu zilizofuata. Watu walistaajabu, maana ndiye aliyehubiri umoja wa Afrika kuliko wengi. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja upo kwa ajili ya watu. Dola isiyowapa raia wake usalama haina haki ya kuwashika kwa bunduki.

Waliompinga nao walikuwa na hoja. Septemba 1968, huko Algiers, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunga mkono Nigeria moja, ukihofia mipaka yote ya bara kuvunjika. Watazamaji wa kigeni walioalikwa na serikali ya Nigeria walisema hawakuona mpango wa kuwaangamiza Waibo. Wengine walidai kwamba kuitambua Biafra kulirefusha vita, na njaa pamoja navyo. Tena Ojukwu mwenyewe aliikataa njia ya nchi kavu ya kuletea chakula. Hata Caritas na makanisa mengine, yaliyopeleka chakula usiku kwa ndege kutoka São Tomé, yalishutumiwa kuwa yanalisha vita.

Januari 1970 Biafra ilisalimu amri. Maangamizi yaliyohofiwa hayakutokea, na Mwalimu akaikubali Nigeria moja.

Je, alikosea? Yawezekana hofu yake ilizidi mambo yalivyokuwa. Tena ni haki kuuliza mbona waliouawa Unguja Januari 1964 hawakupata sauti yake kama Waibo. Lakini maiti wa 1966 na wa Asaba hawakuwa uvumi, na mtu aliyekataa kuwafunika kwa bendera ya umoja hakutenda bure.

Tangu 2005 Jimbo la Musoma limeanza kuyachunguza maisha yake ili atangazwe Mwenye Heri. Nasi tujichunguze nyumbani kwetu: tusikiapo habari za vita vya jirani, je, twawalilia waliokufa wote, au wa upande tuupendao tu?