Mwalimu Nyerere na redio: uwekezaji wa miaka hamsini

Wanachuo wenzangu, sisi watu wa bumu tumezoea hesabu za wiki mbili. Leo naomba tupige hesabu ndefu kidogo. Mwekezaji wangu ni Mwalimu Julius Nyerere, na alichowekeza ni redio ya taifa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na mama yetu Mugaya. Shule aliianza Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Mwaka 1937 akaja hapa Tabora, shule ya serikali. Sisi tuliopanga Kanyenye tunaujua mji huu kwa asali na maembe, lakini kijana yule alikuta utajiri mwingine: Kiswahili kilichokwisha kuota mizizi. Misafara ya karne ya 19, kati ya Bagamoyo na Ujiji, ilipita hapa, ikaacha lugha ambayo Mnyamwezi, Mmanyema na Mwarabu walipatania bei na kupashana habari. Habari yenyewe ilitembea kwa miguu, miezi mizima hadi ifike pwani.

Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, kisha mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. TANU ilizaliwa Julai 1954. Januari 1958 alikuwa tena hapa Tabora, kwenye mkutano mgumu ambapo aliwashawishi wenzake wakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, ingawa masharti yake yaliwaudhi wengi. Alikubali machungu ya siku ile kwa ajili ya faida ya baadaye. Mimi naiona tabia hiyohiyo kwenye suala la redio.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, redio ilikuwepo tayari. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 kama kituo kidogo, ikawa shirika mwaka 1956. Mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliweka televisheni ya rangi. Mwalimu, kwa upande wa Bara, hakuifuata. Televisheni ingekula fedha nyingi na kuwahudumia watu wachache wa mjini wenye umeme. Redio ilitaka betri tu, na mkulima wa tumbaku wa Urambo aliweza kuisikiliza shambani.

Faida zilianza kuonekana. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakajadili malaria, maji na usafi, halafu wakatoka kuchimba vyoo. Hapo sasa redio ikawa darasa. Bendi nazo, Tabora Jazz yetu ikiwa mojawapo, ziliingia studio za RTD kurekodi, na tepu zake zikabaki kuwa ghala la muziki ambalo hadi leo watu wanalichimba. Na Kiswahili kile kilichofika Tabora mabegani mwa wapagazi sasa kiliingia hata vijiji ambavyo msafara haukuwahi kuvifikia.

Lakini tusipambe. Uwekezaji ule ulikuwa na bei yake. Redio ilikuwa ya serikali, na kwa serikali ilisemea. Mwananchi aliyekuwa na jambo la kupinga, tuseme kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, hakuwa na kituo kingine cha kupeleka sauti yake. Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985, na Bara ilisubiri hadi 1994 kupata Radio One na ITV. Televisheni ya serikali ilikuja baadaye zaidi, na Mwalimu alikuwa ameshafariki, London, tarehe 14 Oktoba 1999. Aliyeijenga redio kuwa sikio na mdomo wa nchi hakuujengea mdomo wa pili wa kuujibu ule wa kwanza. Kwangu mimi, hilo ndilo deni ndani ya faida yake.

Kwa nini nayaandika haya kwenye jarida la umoja wetu? Kwa sababu kila muhula tunataka michango yetu ionekane hapohapo: fulana, spika za kukodi, sherehe ya kuwapokea mwaka wa kwanza. Ikifika mitihani, hakuna kilichobaki. Wazo la studio ndogo ya wanafunzi likitajwa, linauawa kwa swali moja tu: italipa lini? Jamani, redio ya Mwalimu nayo isingepona swali hilo. Tuijenge, tuhifadhi kila tunachorekodi, na tuandike kwenye katiba yetu kwamba hakuna uongozi wa umoja, hata ule tunaoupenda, utakaoshika maikrofoni peke yake.