Willis Carrier: Aliyewasha kiberiti ofisini ili sinema ipate ubaridi

Katikati ya miaka ya 1920, injinia Mmarekani Willis Carrier aliingia ofisi ya mkuu wa usalama jijini New York. Akamimina kimiminika kwenye chombo, akawasha kiberiti na kukitumbukiza humo.

Hakuwa kichaa. Alikuwa anatafuta kibali.

Jumba la sinema la Rivoli lilitaka mtambo wake wa ubaridi, lakini jiji lilikuwa linakataa kimiminika kinachotumika ndani yake. Kiliwaka taratibu tu, hakikulipuka. Mwishowe kibali kikatoka.

Alianzia wapi?

Carrier alizaliwa 26 Novemba 1876 katika mji mdogo wa Angola, jimbo la New York. Hesabu za sehemu alifundishwa na mama yake kwa kukata matufaha. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1901.

Mwaka 1902 alipewa kesi ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Unyevu ulikuwa unatanua na kusinyaza karatasi, rangi hazikai mahali pake. Carrier akapitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, unyevu ukapungua. Kiyoyozi cha kisasa kikazaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, waajiri wake waliamua kuachana na kazi hiyo. Yeye na wenzake sita wakaanzisha kampuni yao mwaka 1915.

Shida ilikuwa nini?

Mitambo mikubwa ya ubaridi ya wakati ule ilitumia pistoni, ilikula nafasi, na mingi ilitumia amonia, gesi ya sumu. Ikivuja chini ya ukumbi uliojaa watu, ni balaa.

Mwaka 1922 Carrier alionyesha mtambo mpya. Badala ya pistoni, aliweka gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi kubwa.

Unafanya kazi hivi: ndani ya tangi lenye mgandamizo mdogo, kimiminika maalumu kinachemka hata kwenye baridi. Kikichemka, kinanyonya joto la maji yanayopita kwenye mabomba. Maji hayo yaliyopoa ndiyo yanayotumika kupoza hewa ya jengo.

Gurudumu nalo linavuta ile gesi na kuigandamiza, inapata moto. Inaingia tangi la pili, ambako maji mengine yanaichukulia joto na kulitoa nje ya jengo. Gesi inarudi kuwa kimiminika, mzunguko unaanza upya.

Usiku wa Rivoli

Mei 1925 Rivoli ilifungua milango ikiwa na mtambo huo. Adolph Zukor, bosi wa Paramount, alikuwepo. Lakini mtambo ulichelewa kuwashwa, watu wakaingia na vipepeo vyao na kuanza kujipepea. Carrier na wenzake roho juu.

Taratibu ubaridi ukashuka. Kipepeo kimoja kikatulia, kingine kikafuata, mwisho ukumbi mzima ukaacha kujipepea. Zukor naye akakubali kwamba watu wataupenda.

Miaka michache baadaye hata ukumbi wa Bunge la Marekani ulifungiwa viyoyozi vya Carrier. Alifariki 7 Oktoba 1950, akiwa na miaka 73.

Kimiminika kile alichokiwasha hakitumiki tena kwenye mitambo hii. Lakini gurudumu linalozunguka, matangi mawili na maji ya pande mbili bado vinapoza majengo makubwa hadi leo.