Victor Green, mutu wa posta aliyefungulia wengine njia

Victor Hugo Green alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1892. Hakuwa tajiri wala mukubwa: kazi yake ilikuwa kugawa barua za posta kule Hackensack.

Wakati ule, mutu mweusi mwenye motokari alikuwa anasafiri na woga. Hata kwenye Route 66, barabara ya sifa kutoka Chicago mpaka Los Angeles, hoteli nyingi zilimukatalia chumba. Miji mingine ilimukataza kuonekana usiku. Jamaa zilibeba chakula, blanketi na esansi yao.

Mwaka 1936 Green akachapa kitabu kidogo, Green Book: anwani za kulala, kula na kutengeneza motokari bila kufukuzwa. Kilianza na New York, kisha kikaenea inchi nzima. Wafanyakazi wenzake wa posta njo walimusaidia kupata anwani, kwa sababu walijua kila mulango. Jamaa ikapanga safari yote mbele ya kutoka nyumbani.

Green alikufa mwaka 1960. Bibi yake Alma akaendelesha kazi. Mwaka 1964 sheria ikakataza hoteli kubagua watu, na nyuma kidogo kitabu kikaacha kutoka. Green mwenyewe alitamani siku ile ifike.