Mwanafunzi Mgeni Mjini Paris

Kijana wetu anapopata nafasi ya kusoma katika nchi ya mbali, twamsindikiza kwa shangwe. Ndugu hukusanyika, padre humbariki, mama humfungia mzigo. Lakini ni wachache wanaomweleza habari za ile miezi ya kwanza, wakati fedha inapopungua, masomo yanapomshinda, na aibu inapomzuia asiandike nyumbani yaliyo kweli. Kwa hiyo twaona ni vema kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyepita katika njia hiyo zamani, naye ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika ukoo wa kiungwana, nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania. Ujana wake aliutumia katika nyumba za wakubwa na katika mambo ya silaha, akitafuta sifa za dunia. Mwezi wa Mei 1521, alipokuwa akiilinda ngome ya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa amelala mgonjwa aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikupatikana, akapewa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Hivyo ndivyo moyo wake ulivyogeuka. Alikaa Manresa katika sala na toba, na mwaka 1523 alikwenda kuhiji Yerusalemu.

Aliporudi alitambua kwamba atakaye kuzisaidia roho za watu yampasa kusoma kwanza. Basi huko Barcelona, naye amekwisha kupita miaka thelathini, alianza kujifunza Kilatini. Kila alipotaka kukariri masomo yake, mawazo matamu ya dini yalimjia yakamwondoa katika kitabu. Akatambua kuwa hicho ni kishawishi kilichovaa nguo za ibada, akamwahidi mwalimu wake kwamba hataacha kumsikiliza. Kutoka hapo alikwenda Alcalá na Salamanca. Lakini alifanya haraka, akishika masomo mengi kwa mara moja na huku akiwafundisha watu mambo ya roho. Wakubwa wakamshuku, akatiwa kifungoni siku 42 Alcalá na siku 22 Salamanca. Kosa halikuonekana katika mafundisho yake, lakini aliwekewa mipaka ya kufundisha mpaka aongeze elimu. Ndipo alipoazimia kwenda Paris.

Aliondoka Barcelona peke yake, kwa miguu, wakati wa baridi, na Ufaransa na Hispania zilikuwa katika vita. Tarehe 2 Februari 1528 aliingia Paris. Alipojipima aliona kwamba msingi wa elimu yake ni dhaifu, kwa sababu ya ile haraka ya kwanza. Basi mtu huyu wa miaka kama 37, aliyekuwa askari na mhaji wa Yerusalemu, aliketi tena pamoja na wavulana katika chuo cha Montaigu, akaanza upya Kilatini. Twajua watu wazima wangapi ambao wangekubali jambo hilo?

Shida ya pili ilikuwa fedha. Wafadhili wa Barcelona walikuwa wamemsaidia, naye alipokea escudo 25 kwa mfanya biashara mmoja wa Paris. Akampa Mhispania mmoja waliyekaa naye nyumba moja amtunzie. Mtu yule akazitumia, wala hakuwa na njia ya kuzilipa. Kwaresima ilipokwisha, Inyasi hakuwa na kitu, ikambidi kuiacha nyumba ile.

Alipata mahali pa kulala katika nyumba ya wahaji maskini ya Mtakatifu Yakobo, akaomba chakula mitaani. Nyumba hiyo ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto Seine, mbali na chuo. Tena mlango wake haukufunguliwa kabla ya kupambazuka, na jioni ilimpasa awe amerudi kabla ya kengele ya Salamu Maria. Lakini chuoni masomo yalianza kungali giza, yakaendelea mpaka usiku. Kila siku, basi, alikosa mwanzo wa masomo na mwisho wake, na saa zilizobaki zilikatwa na kutafuta mkate. Alijaribu kupata mwalimu wa kumtumikia ili apate riziki, kama walivyofanya wanafunzi wengi maskini, asimpate.

Tufikiri vizuri juu ya hali hiyo. Inyasi alipenda umaskini kwa ajili ya Kristu, na kuombaomba hakukumtia aibu. Lakini aliona kwamba umaskini wa namna hii ulikuwa ukiua kazi ile ile iliyomleta Paris. Basi hakung'ang'ania desturi yake kwa ukaidi, bali alikubali shauri la mtawa mmoja, Mhispania, kwamba kila mwaka aende Flanders kwa muda wa miezi miwili, akawaombe wafanya biashara Wahispania wa Bruges na Antwerp masurufu ya mwaka mzima. Akafanya hivyo tangu mwaka 1529, na mara moja alivuka bahari mpaka London. Tangu hapo alipata nafasi ya kusoma.

Na yule aliyekula fedha yake? Baadaye habari zilimfikia Inyasi kwamba mtu huyo amepatwa na ugonjwa mjini Rouen, akiwa njiani kurudi kwao. Inyasi akaenda kwa miguu mitupu, siku tatu, bila kula wala kunywa, akimtolea Mungu taabu hiyo kwa ajili ya mdeni wake. Akamfariji, akamsaidia kupata merikebu ya kwenda Hispania, akamwandikia barua za kumtambulisha kwa rafiki zake wa Salamanca.

Mwaka huo huo 1529 alihamia chuo cha Sainte-Barbe, akakaa chumba kimoja na vijana wawili, Petro Faber wa Savoy na Fransisko Ksaveri wa Navarra. Faber alimsaidia katika masomo, naye akawasaidia wote wawili katika mambo ya roho. Tarehe 15 Agosti 1534, katika kilima cha Montmartre, wenzi saba walimwekea Mungu nadhiri. Mwaka 1537 Inyasi alipata upadre, na mwaka 1540 Baba Mtakatifu Paulo III alilithibitisha Shirika la Yesu. Fransisko Ksaveri alisafiri kwenda Bara Hindi, na mwaka 1542 merikebu yake ilitua Malindi katika pwani yetu. Inyasi aliliongoza Shirika mpaka alipofariki Roma tarehe 31 Julai 1556. Mwaka 1622 yeye na Ksaveri walitangazwa watakatifu siku moja.

Wanafunzi mlio ugenini, msidhani kwamba muhula mbaya wa kwanza ni hukumu ya Mungu juu yenu. Anayeona kwamba msingi wake ni dhaifu, na aushike upya bila haya. Aliyeishiwa, na aseme mapema, apokee shauri, kwani kunyamaza hakujazi mfuko. Anayevutwa na mikutano na shughuli, hata zilizo za dini, akumbuke kwamba kazi aliyopewa kwa sasa ni masomo. Na aliyedhulumiwa na mwenzake asiache deni likaoza na kuwa chuki.

Nanyi wazazi na wakristu mliobaki nyumbani, kumsindikiza kijana mpaka kwenye ndege ni mwanzo tu wa wajibu wenu. Mwandikieni, mwulizeni anakula nini na analala wapi, na jibu lake likiwa gumu lisikieni bila kumkaripia. Wale wafanya biashara wa Flanders hawakujua kwamba sadaka yao ilikuwa ikimlea mwanzilishi wa Shirika kubwa. Walimwona mwanafunzi mgeni mwenye shida, wakampa.