Alexander von Humboldt: Mwanasayansi aliyeichora tabianchi

Watafiti wa tabianchi wanalalamika kwamba namba zao haziwafikii watu. Majedwali yanachapishwa, watu wachache wanayasoma, na misitu inaendelea kukatwa. Katika makala hii tunamuangazia mtu aliyekabiliana na tatizo hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa kalamu ya kuchorea na kwa masimulizi.

Alexander von Humboldt alizaliwa Berlin, Septemba 14, 1769. Alianza kama mkaguzi wa migodi. Mama yake alipofariki mwaka 1796 alirithi fedha nyingi, na nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye safari na uchapishaji wa vitabu. Mwaka 1799 alisafiri kwenda makoloni ya Uhispania ya Amerika ya Kusini, akiwa na Aimé Bonpland, Mfaransa mtaalamu wa mimea.

Mapema mwaka 1800 walifika Ziwa Valencia, katika Venezuela ya leo. Wakaazi walikuwa na wasiwasi: maji yalikuwa yanapungua mwaka hadi mwaka, na wapo walioamini kuna shimo chini ya ziwa linaloyavuta. Humboldt alipima na kuuliza, kisha akalikataa shimo hilo. Alisema tatizo ni misitu iliyofyekwa kupisha mashamba, pamoja na mito iliyochepushwa kwa umwagiliaji. Pasipo miti, chemchemi hukauka, na mvua ikinyesha maji hukimbia na udongo. Hayo ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya kisayansi kuhusu binadamu anavyoweza kuharibu hali ya hewa ya mahali anapoishi.

Lakini kazi yake inayotuvutia zaidi ni mchoro mmoja. Juni 23, 1802 yeye na wenzake walipanda Chimborazo, volkano ya Ecuador ambayo wakati huo ilidhaniwa kuwa mlima mrefu kuliko yote duniani. Korongo liliwazuia kufika kileleni. Mwaka 1807 alichapisha picha ya mlima huo ukiwa kama umepasuliwa katikati, na kila mmea jina lake limeandikwa kwenye kimo unakoota. Pembeni aliweka safu za vipimo: joto, unyevunyevu, kanieneo ya hewa, hata ukolezi wa buluu ya anga. Mtu aliitazama mara moja tu na kuelewa kwamba mimea hufuata joto. Mwaka 1817 alikuja na ramani ya mistari inayounganisha sehemu zenye wastani sawa wa joto, na mbinu hiyo ingali inatumika.

Kati ya 1827 na 1828 alitoa mihadhara ya bure mjini Berlin. Wanawake walifurika, na si ajabu, kwani wakati huo hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu. Humboldt alifariki Mei 6, 1859 akiwa na umri wa miaka 89, huku kitabu chake kikubwa, Kosmos, kikiwa hakijakamilika.

Mchoro wa Chimborazo, hata hivyo, haukuzeeka kimya kimya. Mwaka 2012 watafiti waliupanda tena mlima huo, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba mimea ilikuwa imehamia juu kwa zaidi ya mita 500. Mwaka 2019 wengine walipekua kumbukumbu za Humboldt na kugundua kwamba data nyingi za mchoro zilitoka mlima mwingine, Antisana. Alikuwa amezikusanya kwenye mlima mmoja ili picha ieleweke. Hatuoni kama huo ulikuwa udanganyifu, maana alitaka kuonyesha kanuni inayohusu milima mingi ya ukanda wa joto. Ila msanii alimtangulia mpimaji, na waliokuja baadaye walipotezwa njia. Waliporudi Antisana na kulinganisha upya, jibu lilikuwa dogo zaidi: mimea imepanda kati ya mita 215 na 266.