Tippu Tip: daftari la tajiri aliyepita kwetu

Kila ninapofika kwenye somo la aina za biashara, huwa namwanza Tippu Tip. Wenzangu hapa Nchelenge hunishangaa. Wanasema kuna mifano mingi ya kisasa, na tena huyu bwana alikuwa mfanyabiashara ya watumwa. Ni kweli. Lakini mimi nilisoma ukimbizini, mkoani Kigoma, si mbali na Ujiji ambako misafara yake ilipita, na niliporudi ziwani Mweru nikakuta njia ni ile ile. Mali inatoka pwani, inavuka maziwa, inamfikia mtu aliyeikopa.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja, wengi wanakadiria mwaka 1837 au kabla kidogo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa Tabora. Jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kupepesa macho, na wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake. Mwenyewe aliupenda zaidi mlio wa bunduki.

Alianza akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akifuatana na ndugu na wajomba kununua sandarusi karibu na pwani. Hapo ndipo ninapoandika ubaoni neno la kwanza: ubia wa ndugu. Mtaji mdogo, safari fupi, faida ya kugawana nyumbani. Vijana wa Kashikishi wanaelewa upesi, maana ndivyo mama zao wanavyofanya na chisense: mmoja anafuata mitumbwi alfajiri, mwingine anaanika, wa tatu anapanda lori kupeleka sokoni.

Alipopata miaka kumi na minane hivi, alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika. Hakukaa sana chini ya mkono wa mzee. Alitaka mali iwe mikononi mwake, na hasara pia. Huyo sasa ni mfanyabiashara binafsi.

Mali ile aliipata wapi? Hapa ndipo mimi huchelewa, na kengele hulia kabla sijamaliza. Tajiri wake mkubwa alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Unguja aliyesimamia forodha ya Sultani. Taria hakutoa fedha taslimu za kutia mfukoni. Alitoa mali: nguo, shanga, waya, baruti. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu, baada ya miaka. Safari moja ya Tippu Tip ilianza mwaka 1870 hivi, naye hakurudi Unguja mpaka 1882. Miaka kumi na miwili, ndugu msomaji, na deni linamngoja.

Wapagazi wakitoroka, deni lilikuwa lake. Ndui ikiua nusu ya msafara, deni ni lake vile vile. Hakukuwa na ukuta kati ya mali ya biashara na nyumba yake. Nikilisema hilo darasani, kuna mwanafunzi huinamisha kichwa. Mama zao wanachukua belo la salaula kwa mkopo, mvua inalinyeshea ndani ya mtumbwi, na mwenye belo anakuja kuchukua baiskeli na mabati. Ndiyo maana nawaeleza kampuni yenye dhima ya kikomo: mkopeshaji anadai kilicho cha kampuni, si kitanda unacholalia, isipokuwa umekiweka rehani mwenyewe. Kuandikisha jina la biashara tu hakuleti kinga hiyo. Wengi, hata watu wazima, wanachanganya mambo haya mawili.

Mwaka 1867 Tippu Tip aliingia Itawa, nchi iliyo kati ya ziwa letu na Tanganyika, kwa mfalme Nsama wa Watabwa. Nsama alikuwa na sifa ya kutoshindwa, na miaka ya 1840 alikuwa amewapiga Waarabu waliotangulia. Safari hii bunduki zilishinda. Kwa hesabu yake mwenyewe, Tippu Tip alichukua frasila 1,950 za pembe, na shaba frasila 700. Frasila moja ni kilo kama 16, kwa hiyo pembe peke yake ni zaidi ya tani 30. Mwaka huo huo Livingstone alikutana na watu hao, akangoja miezi mpaka nchi itulie, akaliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba.

Mwaka mmoja, nilipomaliza kuandika tarakimu hizo, msichana mmoja wa nyuma alinyosha mkono. Akauliza watu waliotekwa waliandikwa upande gani wa daftari. Nilimjibu kama mwalimu wa hesabu: upande wa mali. Wengine waliuzwa, wengine walibebeshwa pembe, wengine wakalima mashamba. Akauliza tena, kama mali imeporwa na mbebaji halipwi, ile ni faida ya nini? Nilikosa jibu la haraka. Tangu siku hiyo nafundisha kwanza gharama, ndipo faida, na Itawa ndiyo mfano wa daftari ambalo gharama zake zililipwa na mtu mwingine.

Baadaye alitawala kama sultani upande wa Kasongo, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1887 aligeuka mwajiriwa. Kwa mkataba na Stanley mjini Unguja, akawa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Kwa tajiri wa kiasi kile ni fedha ya chumvi. Alichokitafuta ni kulinda biashara yake, na hakukipata. Mwaka 1890 Stanley alimfungulia kesi Unguja, akidai pauni 10,000, ingawa kesi ile iliachwa. Tippu Tip akarudi kisiwani mwaka 1891. Mwaka uliofuata vita vikaanza Kongo, na mwaka 1893 mwanawe Sefu akauawa.

Pigo jingine lilitoka kwa mshirika. Muhammed bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, alidai fungu lake katika mali ya ubia mbele ya Wajerumani, na Tippu Tip akapoteza aliyokuwa nayo bara. Watu waliokula sahani moja miaka mingi! Hapo nawaambia vijana waandike nani ametia nini, nani anatunza fedha, na mmoja akitoka analipwa vipi, waandike wakiwa bado wanacheka pamoja.

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi Juni 1905, kwa malaria, akiwa bado na mashamba. Habari zake alikuwa ameziandika mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha mtu kusimulia maisha yake kwa lugha yetu.

Uvuvi hufungwa hapa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Katika miezi hiyo natoa zoezi: kila kundi la watu watatu liandike mkataba wa ubia wa mtumbwi mmoja. Mwaka huu kundi la yule msichana liliongeza kifungu ambacho sikuwafundisha, kwamba mvuta wavu alipwe kabla wenye mtumbwi hawajagawana. Niliwapa alama zote.