Gary Gygax: Aliandika Kanuni, Kanuni Zikamtoa

Muhula uliopita, chumbani kwetu hosteli, tulinuniana wiki mbili kwa sababu ya shimo ambalo halipo. Tulikuwa watu watano juu ya magodoro mawili, daftari moja, simu moja yenye programu ya kurusha dadu, na mchezo wa kuigiza wahusika ambao mwendeshaji wake nilikuwa mimi. Mhusika wa mshkaji mmoja, mwizi hodari kwelikweli, akatumbukia shimoni. Kanuni ilisema afe. Nikamwonea huruma, nikaibadilisha kanuni palepale, akapona. Basi mwenzetu mwingine, ambaye mhusika wake alikufa wiki iliyotangulia kwa kanuni ileile, akafunga daftari lake, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa mtu anayesomea ualimu hilo si jambo la mchezo. Mwakani nitakuwa nasahihisha mitihani ya watoto wa watu. Nikimwongezea mmoja alama kwa huruma, yule niliyemkata jana nitamwambia nini? Ndiyo maana nikaanza kufuatilia maisha ya Gary Gygax, Mmarekani ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha kwanza cha michezo ya aina hii, Dungeons & Dragons. Nilitarajia kupata jibu. Nilichokuta ni mzee aliyehangaika na swali hilohilo, na ambaye mwishowe lilimgharimu.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, nieleze kidogo. Hakuna ubao wala kete. Mmoja anaendesha mchezo: anaeleza mahali mlipo, anaigiza maadui, walinzi na wauza duka. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Kwa hiyo mchezo una vitu viwili: kanuni, na ulimwengu ambamo kanuni hizo zinafanya kazi. Ubishi wa wachezaji, tangu enzi hizo mpaka chumbani kwetu, ni kipi kimtumikie mwenzake.

Ernest Gary Gygax alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, mpiga fidla. Mwaka 1946 familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, na huko ndiko alikokulia, akila hadithi za mashujaa na wachawi kama wengine wanavyokula karanga. Sekondari hakuimaliza. Naliandika hilo kwa tahadhari, asije mtu akalipeleka nyumbani kama utetezi wa supu zake. Gygax aliacha shule, hakuacha kusoma.

Alioa mapema, akapata watoto watano kwa mke wake wa kwanza, na akafanya kazi ya bima Chicago. Kazi yake ilikuwa kukadiria uwezekano wa ajali na hasara, yaani kupiga hesabu za bahati kwa mshahara. Jioni na mwishoni mwa wiki alicheza michezo ya vita ya mezani, ile ya kupanga majeshi madogo na kurudia mapigano ya kale. Mwaka 1968 alikodi ukumbi mmoja pale Lake Geneva akawakusanya wapenzi wa michezo hiyo. Mkutano huo, Gen Con, haujafa mpaka leo.

Mwaka 1970 kazi ya bima ikaisha. Akageuka fundi viatu, akishonea chini ya nyumba yake huku watoto wakihitaji kula. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1971, yeye na Jeff Perren walipotoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail. Mwishoni mwa kitabu aliongeza sehemu ya majoka, mashujaa na wachawi. Wapo wachezaji walioiona kama utani. Kijana mmoja huko Minnesota, Dave Arneson, hakuiona hivyo.

Hapa lazima tuwe waadilifu, maana sifa nyingi hupewa Gygax peke yake. Arneson ndiye aliyekuwa ameshaanza kuwaendeshea wenzake mchezo katika ulimwengu wake, Blackmoor, ambamo kila mtu alimiliki mhusika mmoja badala ya jeshi, na mhusika huyo aliendelea kukua kutoka mchezo hadi mchezo. Mwishoni mwa 1972 alisafiri hadi Lake Geneva akamchezesha Gygax. Gygax hakulala. Aliomba maelezo ya Arneson, akakaa kwenye mashine ya kuchapa, akaanza kuyageuza kuwa kanuni ambazo mtu asiyewajua wote wawili angeweza kuzisoma na kucheza.

Kwa ajili ya kuzijaribu alihitaji ulimwengu wake. Hapa ndipo nilipojionea aibu. Mimi nilikuwa nimechora bara zima, falme tisa, mito na majina ya wafalme hadi mababu, na wenzangu hawakuwahi kutoka kwenye nyumba ya wageni ya kwanza. Gygax alianza na ngome moja mbovu, Greyhawk, na mahandaki chini yake. Wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Waliposhuka walikuta sanduku la sarafu, zote za shaba: nzito ajabu, thamani kiduchu. Uzito wa sarafu ni kanuni. Lakini kwa watoto wale, kanuni hiyo ndiyo iliyoufanya ulimwengu uwe wa kweli, kwa sababu uliwakatalia kitu. Mji ulikuja baadaye, wachezaji walipohitaji mahali pa kuuza walichokiokota, na nchi zikafuata.

Hata uchawi wake ulikuwa hivyo. Aliupenda utaratibu wa mwandishi Jack Vance: mchawi hukariri maneno yake, akiyatamka mara moja yanafutika kichwani hadi akariri tena. Sisi wa chuo tunaujua uchawi huo vizuri, unaitwa kutoka kwenye chumba cha mtihani. Dadu nazo, zile za pande nne, nane, kumi na mbili na ishirini, zilitoka kwa wauza vifaa vya shule, zilikotengenezwa kufundishia maumbo. Kila nikikumbuka hilo nafurahi.

Wachapishaji hawakuonyesha hamu. Oktoba 1973 yeye na rafiki yake Don Kaye wakachanga dola 1,000 kila mmoja, wakaanzisha kampuni yao, TSR. Brian Blume akaongeza mtaji. Januari 1974 wakatoa nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, vikipangwa kwa mikono nyumbani. Ziliisha ndani ya mwaka. Kaye hakuyaona matunda. Moyo ulimsimama mwanzoni mwa 1975.

Vijitabu vile vilikuwa na mapengo kama mkeka wa zamani. Gygax hakuona tatizo. Aliwaambia wasomaji kwamba hayo ni mwongozo tu, wayajaze wenyewe wanavyotaka. Nao wakajaza. Kila mji ukawa na kanuni zake, na barua zikaanza kumiminika kuuliza nani yuko sahihi. Kati ya 1977 na 1979 akajibu kwa vitabu vitatu vinene vya toleo aliloliita Advanced, vyenye majedwali ya karibu kila kitu. Na sauti ikabadilika. Sasa aliandika kwamba anayezigeuza sana kanuni huwa hachezi tena mchezo ule. Alikuwa na sababu nzuri: kwenye mashindano, watu wasiojuana wanahitaji kupimwa kwa kipimo kimoja. Kulikuwa pia na fedha. TSR ilidai toleo hilo ni mchezo mwingine kabisa, hivyo Arneson hana mrabaha humo. Arneson akafungua kesi mwaka 1979, wakapatana mwaka 1981.

Nimelisoma hilo mara nyingi. Huyu ndiye aliyewaambia watu mchezo ni wao, na ndiye aliyekuja kudai urudi mkononi mwake.

Miaka ya themanini ilianza kwa kelele. Wazazi wengine Marekani waliamini mchezo unafundisha ushetani, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo ulivyouzwa. Gygax akapelekwa California kusimamia filamu na katuni. Aliporudi alikuta kampuni inadaiwa. Akapambana, akarudi kwenye uongozi. Lakini Oktoba 1985 Lorraine Williams, ambaye Gygax mwenyewe alimleta kwenye kampuni, alinunua hisa za akina Blume akawa na kura nyingi kuliko yeye. Akaondolewa. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Hesabu ya hisa nayo ni kanuni, na hapo hapakuwa na mwendesha mchezo wa kumwonea huruma.

Kilichomuuma zaidi, nadhani, ni Greyhawk. Ulimwengu ulibaki mali ya kampuni. Mwaka 1988 TSR ilitoa kitabu cha ngome ile kilichoandikwa kama mzaha mtupu. Mwaka huohuo Gygax, katika riwaya yake, aliuangamiza ulimwengu mzima ambamo ngome ile ilisimama. Ndicho alichoweza bado kukifanya.

Aliunda michezo mingine, haikufika mbali. TSR nayo iliyumba, ikanunuliwa mwaka 1997. Miaka ya mwisho aliishi Lake Geneva, akipokea wageni barazani kwake na kuwachezesha. Walioketi naye wanasimulia mwendeshaji mwepesi, asiyefungua kitabu mara kwa mara, kana kwamba si yeye aliyeandika majedwali yale yote. Alifariki tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69.

Basi nimejifunza nini? Kwamba wote wawili chumbani kwetu walikuwa na haki. Kanuni ibadilike, sawa, mchezo ni wetu. Ila sarafu za shaba zilikuwa nzito kabla watoto hawajalifungua lile sanduku. Mimi niliubadilisha uzito baada ya sanduku kufunguliwa, tena kwa mtu mmoja.

Nilimpelekea mwenzetu daftari likiwa na sentensi moja nyuma ya ukurasa wa mwisho: kanuni hujadiliwa kabla dadu haijarushwa, ikisharushwa inasimama. Akasoma, akaniomba kalamu. Akaongeza chini yake kwamba mwizi naye afe.

Tulipiga kura. Mwizi alikufa kwa kura tatu dhidi ya mbili, na Jumamosi tulicheza wote watano.